Mchanga mweusi wa Bagamoyo: tusiuziwe mbuzi kwenye gunia

WAFANYABIASHARA wa mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Saadani, wamezoea kuona michirizi ya mchanga mweusi ufukweni baada ya bahari kuchafuka. Kwa miaka mingi mchanga huo ulikuwa wa watoto kuchezea. Siku hizi umepata madalali.

Mwandishi wa safu hii aliipata habari hiyo nyumbani, si sokoni. Shangazi yangu ni mfanyabiashara wa dagaa Bagamoyo. Hununua boti zikitia nanga alfajiri, huanika, hupeleka mzigo Dar es Salaam, na ana sehemu yake katika nyavu za watu wanne. Nilipokwenda kumwamkia hakunipa nafasi ya kunywa chai. "Marahaba mwanangu. Wewe umesoma biashara. Kuna watu wanauza hisa za mchanga wa umeme. Niingie au nisiingie?"

Maelezo aliyopewa ni haya. Kuna kiwanja karibu na ufukwe. Ndani yake umo mchanga mweusi ambao, kwa maneno ya dalali, "ndio unaotengeneza chipu za simu." Kila hisa ni shilingi milioni tatu. Wazungu na Wachina wako njiani. Atakayechelewa atajuta. Shangazi alikuwa amepania kutoa zamu yake ya upatu na kuuza sehemu yake ya nyavu ili apate hisa moja.

Nilikutana na dalali huyo siku ya pili. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika kuukuu na mita ya fundi redio. Aliipitisha sumaku juu ya mchanga, chembe nyeusi zikairukia. Akachomeka ncha mbili za mita katika kopo la mchanga, mshale ukacheza. "Mama umeona mwenyewe, unapitisha umeme," alisema. Waliokuwapo wakaguna kwa kuridhika.

Maonyesho yalikuwa mazuri. Hata hivyo, ukiyachambua kwa utulivu, hayakuthibitisha hata neno moja kati ya yale aliyoyasema. Na kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wako pwani na wana akiba ndogo inayotafuta pa kukaa, ni vyema tuyachambue pamoja.

Sumaku na mita zinasema nini?

Tuanze na sumaku. Chembe inayorukia sumaku ya spika kwa nguvu kwa kawaida ni magnetaiti, yaani oksidi ya chuma. Ni madini ya chuma yaliyo ya kawaida sana katika mchanga mweusi duniani. Ilmenaiti, ambayo ni chuma na titani vilivyoungana na oksijeni, huvutwa pia, lakini kwa unyonge. Rutaili, yaani oksidi ya titani, na zirkoni, ambazo ndizo zenye bei nzuri zaidi, hazivutwi na sumaku ya aina ile. Kwa maneno mengine, dalali alipokuwa akiwaonyesha watu utajiri, alikuwa anawaonyesha sehemu ya mchanga yenye thamani ndogo kuliko zote.

Sasa mita. Mchanga wa kopo lile ulichotwa ufukweni asubuhi hiyo. Ulikuwa na unyevu wa maji ya bahari, na maji ya chumvi hupitisha umeme hata kama ndani yake hakuna madini ya aina yoyote. Nilimwomba shangazi kiasi kidogo cha mchanga uleule. Tuliuosha mara tatu kwa maji ya bomba, tukaukausha kwenye kikaango, tukaazima mita kwa fundi jirani. Mshale uligoma. Shangazi aliuangalia kwa muda, halafu akasema, "Kumbe tulikuwa tunapima bahari."

Ukweli wa mambo ni kwamba mchanga huu una uhusiano na umeme, tena uhusiano mkubwa, ila si ule anaousema dalali.

Umeme unaotenganisha bei

Vitu tulivyozoea kuviita vipitishi vya umeme ni metali tupu kama shaba na aluminiamu. Lakini metali ikiungana na oksijeni, nitrojeni au kitu kingine, hupatikana kundi jingine kubwa la vitu. Vingine huzuia umeme kabisa. Vingine hupitisha. Vingine viko katikati: hupitisha umeme kwa masharti, labda vikipata joto, mwanga, au umeme wenye nguvu zaidi ya kiwango fulani. Hivi vya katikati ndivyo mafundi redio huviita semikondakta, nasi tunaweza kuviita vipitishi-nusu. Oksidi ya titani ni mojawapo. Oksidi ya zinki na oksidi ya bati pia zimo katika kundi hilo.

Katika biashara ya mchanga mzito wa pwani, tofauti hii ya kupitisha na kutopitisha umeme ndiyo mashine yenyewe ya kutengenezea fedha. Mchanga huoshwa kwanza kwa maji ili ule mwepesi uondoke na ule mzito ubaki. Kisha hukaushwa na kupitishwa kwenye sumaku kubwa, ambazo huvuta ilmenaiti. Unaobaki hupitishwa juu ya roli lenye umeme wa volti nyingi. Rutaili, kwa kuwa hupitisha umeme, hupoteza chaji yake mara moja na kurushwa mbali na roli. Zirkoni, kwa kuwa haipitishi, hung'ang'ania roli na kuangukia upande mwingine. Hivyo lundo moja la mchanga hugeuka malundo matatu yenye bei tatu.

Hapo ndipo palipo na siri ya soko hili. Mchanga uliochanganyika hauna bei ya maana. Katika miaka ya karibuni ilmenaiti imekuwa ikiuzwa kwa mamia ya dola kwa tani, wakati rutaili na zirkoni zimekuwa zikipita dola 1,000 kwa tani. Anayeuza kabla ya kutenganisha anauza zote kwa bei ya ile ya chini, au hata chini ya hapo.

Hesabu ya lori moja

Wasomaji wa ukurasa huu wanapenda tarakimu, basi tupige hesabu. Ni hesabu ya mfano tu, lakini viwango vyake havitoki mbali na hali halisi. Tuseme tani moja ya mchanga ina asilimia 3 ya madini mazito, yaani kilo 30. Tuseme nusu yake, kilo 15, ni ilmenaiti ya dola 300 kwa tani. Kilo 1.5 ni rutaili ya dola 1,200 kwa tani. Kilo 3 ni zirkoni ya dola 1,800 kwa tani. Zilizobaki ni magnetaiti, ganeti na mengineyo ambayo hatutayahesabu.

Ilmenaiti itakupa dola 4.50. Rutaili dola 1.80. Zirkoni dola 5.40. Jumla ni dola 11.70 kwa tani ya mchanga. Lori la tani 10 litabeba madini ya dola 117, na hapo tumedhani kwamba hakuna hata punje moja iliyopotea, kwamba mashine ni za bure, mafuta ni ya bure, vibali ni vya bure, na mnunuzi amesimama mlangoni.

Ndiyo maana biashara hii haifanywi kwa koleo na kopo. Hufanywa kwa mamilioni ya tani, au haifanywi.

Majirani zetu wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ni mfano mzuri. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuzalisha huko mwishoni mwa mwaka 2013, na shehena ya kwanza ikaondoka mwanzoni mwa 2014 kupitia gati lililojengwa Likoni kwa kazi hiyo. Walikuwa na kiwanda cha kutenganisha kwa sumaku na umeme, na walisafirisha ilmenaiti, rutaili na zirkoni kila moja peke yake. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma kwa sababu mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha. Miaka 11 tu. Kampuni mama, Base Resources, ilikuwa imeshanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani miezi michache kabla.

Kwetu Tanzania, hifadhi mbili zimetajwa sana: Fungoni, Kigamboni, yenye takriban tani milioni 22 za mchanga, na Tajiri, mkoani Tanga, yenye zaidi ya tani milioni 260 kwa wastani wa asilimia 3 na kidogo ya madini mazito. Desemba 2021 Serikali na kampuni ya Australia ya Strandline Resources walitia saini mkataba wa ubia kupitia Nyati Mineral Sands, Serikali ikiwa na asilimia 16. Hata hivyo, Februari 2025 Strandline yenyewe iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, baada ya mgodi wake wa Coburn huko Australia kushindwa kuleta fedha zilizotarajiwa.

Msomaji ajiulize. Kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Australia, yenye wataalamu, wakopeshaji na ramani za kila mita, imeyumba. Huyu wa kopo la mchanga na sumaku ya spika ana siri gani ambayo wao hawakuijua?

Chipu ziko wapi?

Tuje kwenye neno lenyewe linalouza hisa hizi: chipu. Chipu za simu na kompyuta zinatengenezwa kwa silikoni iliyosafishwa kwa kiwango cha juu mno. Mchanga mweusi wa titani si malighafi yake kuu. Zaidi ya asilimia 90 ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe: rangi za nyumba, karatasi, plastiki, hata dawa ya meno. Bei ya ilmenaiti hupanda watu wanapojenga na kupaka nyumba zao rangi, hasa China, na hushuka wanapoacha. Anayetaka kubashiri soko la mchanga wa pwani asome habari za ujenzi kabla ya habari za simu.

Hii si kusema kwamba misombo ya metali haina nafasi katika elektroniki. Ina nafasi kubwa, na mingine tunaishi nayo bila kujua. Chukua friza la shangazi. Kompresa yake huwashwa na kidude kidogo kilichobanwa pembeni. Ndani ya vidude vingi vya aina hiyo mna kidonge cha titaneti ya bariamu, yaani titani, bariamu na oksijeni, kilichochanganywa na chembe za metali nyingine hadi kikawa kipitishi-nusu. Kikiwa baridi hupitisha umeme na kompresa inaanza. Kikipata moto hukataa, na waya wa kuwashia unapumzika. Kidonge kikipasuka, fundi hukitikisa sikioni kikalia kama njuga, akakwambia ununue kingine.

Hali kadhalika vifaa vingi vya kulinda friza umeme unaporuka vina kisahani cha oksidi ya zinki. Umeme wa kawaida hakipitishi. Umeme ukipanda kupita kiasi hukubali ghafla na kuumeza ule wa ziada kabla haujafika kwenye kompresa. Kazi hiyo ilibuniwa Japan katika kampuni ya Matsushita, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwenye ekzosi ya gari lililokuja na meli kutoka Japan kuna sensa ya oksijeni. Ndani ya sensa nyingi za aina hiyo mna oksidi ya zirkoniamu, metali inayotoka katika zirkoni hiyohiyo ya mchanga wa pwani. Ikipata moto hupitisha umeme kwa njia ya oksijeni, na kompyuta ya gari inajua kama petroli imezidi. Kioo cha kugusa cha simu kina utando mwembamba usioonekana wa oksidi ya indiamu iliyochanganywa na oksidi ya bati, takriban asilimia 90 kwa 10. Na bati tunalo Kyerwa, mkoani Kagera, ingawa bati la dunia huenda zaidi kwenye risasi ya kuchomea nyaya.

Lakini angalia uzito. Kidonge cha friza ni gramu chache. Kisahani cha zinki ni gramu chache. Utando wa kioo hauwezi hata kuwekwa kwenye mizani ya dukani. Ukigeuza bei ya kidonge kimoja kuwa bei ya kilo, utaona kwamba inaiacha mbali bei ya kilo ya rutaili. Kinachonunuliwa pale ni usafi, vipimo na ujuzi, na madini yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Ndiyo sababu nasema neno "chipu" katika kinywa cha dalali wa mchanga ni kitambaa cha hariri kilichofunika gunia tupu.

Sandarusi ilitufundisha

Bagamoyo si mara yake ya kwanza kukaa juu ya malighafi ya viwanda vya wengine. Katika karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu, mrima huu ulisafirisha sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliochimbwa ardhini na wanavijiji. Ilipitia Unguja, na nyingi ikaenda Salem huko Marekani, ambako ilioshwa, ikachambuliwa na kugeuzwa vanishi. Mchimbaji alilipwa kwa vipande vya kitambaa, mara nyingi merikani iliyotoka kulekule. Baadaye viwanda vilipata njia nyingine za kutengeneza vanishi, na soko la sandarusi likafifia. Leo kijana wa Bagamoyo anaweza asijue neno hilo ila kwa kuisikia habari ya marashi na ubani.

Somo lake ni jepesi. Aliyechimba alipata kidogo. Aliyeosha na kuchambua alipata zaidi. Aliyejua vanishi inakwenda wapi alipata kuliko wote. Mchanga mweusi unafuata njia hiyohiyo, na safari hii hata mwisho wake ni ule ule: rangi ya kupaka.

Kwa hiyo maoni ya safu hii ni kwamba Tanzania isiruhusu mchanga wa pwani uondoke ukiwa umechanganyika. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia, na kelele zilikuwa nyingi. Wapo waliosema zuio lile lilikuwa la pupa, na kwa dhahabu na shaba kuna mjadala halali, maana kinu cha kuyeyushia ni ghali mno. Lakini kwa mchanga mzito hoja ya gharama ni dhaifu zaidi. Sumaku na roli la umeme si kinu cha kuyeyushia. Kwale waliyafanya hayo papo hapo. Anayekuja kutuambia kwamba haiwezekani, tumwonyeshe ramani.

Aidha, tukumbuke kwamba ufukwe nao una bei. Wakazi wa Kunduchi wameona bahari ikila ardhi, na uchimbaji mchanga katika mito inayolisha fukwe zile umetajwa kuwa mojawapo ya sababu. Bagamoyo inaishi kwa samaki, chumvi na wageni. Ukichota mchanga wa mbele ya hoteli kwa ajili ya dola 11 kwa tani, unaweza kujikuta umeuza meza ili ununue kijiko.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Kwa msomaji aliyekwishafuatwa na dalali, au atakayefuatwa wiki ijayo, yafuatayo ni maswali ambayo hayahitaji digrii.

La kwanza: leseni iko wapi? Kwa sheria yetu madini ni mali ya umma. Hati ya kiwanja haikupi madini yaliyo chini yake. Bila leseni kutoka Tume ya Madini, uliyenunua ekari umenunua ekari tu. Namba ya leseni inaweza kuhakikiwa kwenye Tume, na jina lililoandikwa humo lifanane na la anayepokea fedha zako.

La pili: kiwanja kiko umbali gani kutoka baharini? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hisa nyingi za mchanga tunazozisikia zimo ndani ya mita hizo.

La tatu: hiyo hisa imeidhinishwa na nani? Kuuza hisa kwa umma kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, pamoja na waraka wa matarajio. Karatasi yenye muhuri wa duka la vifaa vya ujenzi si hisa. Shangazi alionyeshwa karatasi ya namna hiyo, na hata jina la kampuni halikuwamo.

La nne: vipimo vya maabara viko wapi? Usikubali kuambiwa "madini yapo." Uliza asilimia ya madini mazito katika mchanga, na ndani ya hayo asilimia ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Uliza pia habari ya monazaiti, kwa maana mchanga wa aina hii unaweza kuwa nayo, na monazaiti hubeba thoriamu yenye mionzi. Mnunuzi wa nje atauliza. Wewe uulize kabla yake.

La tano: nani atatenganisha? Kama jibu ni "watatenganisha hukohuko," basi umejibiwa pia swali la nani atapata faida.

Mtu mwenye mali halisi hatakasirika kwa maswali haya. Akikasirika, umeokoa fedha zako.

Fedha iko upande wa pili wa kaunta

Msomaji atasema, "Umetukataza. Tufanye nini basi?" Ni swali la haki, na mwandishi halikwepi.

Kwa mwenye mtaji mdogo katika mwambao huu, misombo ya metali inayolipa leo ni ile inayoingia bandarini, kuliko ile iliyolala ufukweni. Tazama boti za dagaa. Zamani kila boti ilibeba karabai na madebe ya mafuta ya taa. Sasa taa za LED zimeingia kwa kasi. Taa hizo ni nitridi ya galiamu, msombo wa metali ya galiamu na nitrojeni, na waliowezesha mwanga wake wa buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mvuvi wa Bagamoyo hahitaji kujua hayo. Anachojua ni kwamba gharama ya mafuta imekwenda na fedha imebaki mfukoni.

Tuseme boti ilikuwa ikichoma lita 6 za mafuta ya taa kwa usiku mmoja, na inavua usiku 15 kwa mwezi, siku za giza. Hizo ni lita 90. Zidisha kwa bei ya lita ya pale unaponunua, halafu linganisha na bei ya taa, betri na paneli. Kila nahodha anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kijiti mchangani, na wengi wamekwisha kuifanya. Palipo na akiba ya namna hiyo pana biashara: kuuza taa, kukodisha betri zilizochajiwa, kutengeneza, kuuza vipuri.

Ni hivyohivyo kwa vidonge vya friza, visahani vya kukinga umeme na sensa za magari. Soko limejaa bandia. Muuzaji wa jumla atakayejenga jina la kuleta kitu halisi na kukipa dhamana ya miezi sita atapata wateja kutoka Bunju hadi Msata. Tahadhari moja tu: bei za bidhaa hizi hutegemea nchi chache. Agosti 2023 China, ambayo huzalisha karibu galiamu yote ghafi ya dunia, ilianza kudai vibali maalumu kwa kuisafirisha nje. Anayeagiza taa asiweke agizo lote la mwaka kwa bei ya leo bila mkataba.

Na kwa anayetaka hisa hasa, Soko la Hisa la Dar es Salaam lipo tangu Aprili 1998. Bei zake zinatangazwa, na mauzo yake yana risiti. Halina kampuni ya mchanga mweusi leo. Siku kampuni ya namna hiyo itakapoorodheshwa, ikiwa na leseni, vipimo vya maabara na kiwanda cha kutenganisha, safu hii itakuwa ya kwanza kuisoma mizania yake.

Na shangazi je? Hajauza sehemu yake ya nyavu. Zamu ya upatu ilipofika aliitoa, akaongeza kidogo, wakanunua taa mbili za boti na wenzake watatu. Dalali bado anapita mtaani na kopo lake. Mara ya mwisho shangazi alimsimamisha, akamwomba kwa upole auoshe kwanza mchanga wake kwa maji ya bomba ndipo apime. Aliondoka akisema ana miadi.